Maji ya Kisima Siku ya Mtihani wa Kemia

Nilifanya kazi katika maabara ya shule moja ya wasichana, kwenye vilima vya upande wa Kangundo, kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo yote sikufanya mtihani hata mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuwaandalia wengine. Kwa hiyo ninyi mnaokaribia kuingia chumba cha mtihani, msinisome kama mtu aliyepata alama za juu. Mimi nilikuwa mtu wa kusimama kwenye mlango wa stoo na koti jeupe lenye matundu ya asidi, nikiangalia.

Na niliangalia sana. Ukitaka kujua mtihani unamwendeaje mwanafunzi, usimtazame usoni. Uso unaweza kudanganya. Tazama mikono. Kuna mikono inayoshika kioo kana kwamba kitaruka. Kuna mikono inayofuta, inaandika, inafuta tena mpaka karatasi inatoboka. Na kuna mikono michache, michache sana, inayotulia hata wakati mambo yameharibika. Nataka kuwaambia juu ya mikono ya namna hiyo, ya msichana mmoja aliyeitwa Mumbua, na juu ya mwalimu aliyemfundisha. Pia itabidi niwaambie kosa langu, kwa sababu bila hilo kosa nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini kwanza mjue kazi yenyewe ilivyokuwa. Mtihani wa vitendo wa kemia wa kidato cha nne haufanani na mitihani mingine. Huko kwingine unakaa na kalamu na kichwa chako. Huku unapewa unga usioujua, maji ya dawa, mirija ya kioo na moto, unaambiwa: jaribu, tazama, andika ulichoona. Mambo mengi yanaweza kwenda vibaya kabla hujaandika neno. Mimi ndiye niliyehakikisha hayaendi vibaya. Nilipima dawa kufuatana na maagizo yaliyokuja kwa siri, niliosha vioo, nilijaza gesi, nilipanga meza. Wasichana waliniita Mzee wa Labu hata kabla sijaota mvi.

Miaka ya tisini mwanzoni tulikuwa bado tunavuta dawa kwa mdomo. Msicheke. Pipeti ni mrija mwembamba wa kioo wenye alama juu, na namna ya kuujaza ilikuwa kuweka ncha moja kwenye dawa na nyingine mdomoni, unavuta taratibu kama soda, macho yako kwenye alama. Baadaye vilikuja vile vipira vya kubinya, na leo mtu akikuona unavuta kwa mdomo atakufukuza. Wakati ule ilikuwa kawaida. Basi kulikuwa na msichana mmoja wa Muthetheni, hodari wa kuongea, ambaye asubuhi ya mtihani alikataa uji kwa hofu. Akavuta ile dawa ya zambarau huku anamtazama jirani yake kuona kama amemtangulia. Ikapita alama, ikamfika mdomoni. Alitema haraka na hakudhurika, tukamsukutua na maji mengi, lakini meno yaligeuka rangi ya kahawa kwa wiki nzima. Jumapili alisimama mstari wa mbele wa kwaya kanisani akiimba na midomo imebanwa kabisa. Mpaka leo najiuliza sauti ilikuwa inatokea wapi.

Kosa lake lilikuwa kumtazama jirani, na kuingia na tumbo tupu.

Mwalimu wa kemia aliyebadilisha mambo katika shule yetu alikuwa Madam Ndunge. Alikuja kwetu akiwa kijana, mfupi, viatu vyake vinasikika kutoka mwisho wa ukumbi. Siku ya kwanza alizunguka maabara yangu, akagusa meza, akafungua kabati, akanusa. Nilikuwa nimeipiga deki mara mbili nikingoja sifa.

"Mutua," akasema, "hii labu yako ni safi sana. Lakini inaogopesha."

"Inaogopesha namna gani, Madam?"

"Wasichana wanaingia hapa mara moja kwa wiki kama wageni wa hospitali. Mtu haezi kufanya vizuri mahali anaogopa."

Akaniomba niwe nafungua Jumamosi asubuhi. Sio kwa somo. Waingie tu, waoshe vioo, wafungue na kufunga mabomba ya bureti, ile mirija mirefu ya kupimia dawa, wazoee harufu. Nililalamika, kwa maana Jumamosi nilikuwa na shamba langu la mahindi na pojo. Lakini nilifungua, na baada ya muhula mmoja niliona tofauti. Idadi ya vioo vilivyovunjika ilipungua hata nikamwambia mwalimu mkuu apunguze bajeti yangu.

Madam Ndunge alikuwa na mbinu nyingine ambayo walimu wenzake waliiona kama wazimu. Aliwafundisha wasichana kuharibikiwa. Wakiwa katikati ya zoezi, kimya kimejaa, alikuwa anapita nyuma na kuangusha karai la bati sakafuni. Mara ya kwanza darasa zima lilipiga yowe, mimi nikiwa wa kwanza. Mara ya tano hakuna aliyeinua kichwa. Au alikuja kwa msichana na kumwambia, "Bureti yako inavuja. Utafanya nini?" Msichana alitakiwa kujibu na kutenda. Au aliniambia kwa siri nimpe mmoja chupa iliyoandikwa vibaya, tuone kama atagundua. Nilidhani ni ukatili. Alinijibu kwamba afadhali waharibikiwe siku ambayo haina alama.

Asubuhi ya mtihani wenyewe alikuwa na taratibu ambazo nazikumbuka kama sala. Uji lazima, na kiazi kitamu. Hakuna daftari mlangoni. Mtu akionekana anasoma dakika za mwisho alinyang'anywa kwa upole. Kisha kulikuwa na karai la maji ya uvuguvugu ambalo mimi nililiandaa. Kwenye vile vilima asubuhi kuna baridi, na vidole vyenye baridi vinatetemeka hata kama moyo umetulia. Msichana akiona vidole vinatetemeka anaanza kuamini kwamba anaogopa. Kwa hiyo walitumbukiza mikono, wakapangusa, wakaingia wakiwa na damu kwenye vidole. Wakikaa, waliandika jina na nambari kwanza, polepole, ili mkono uanze kazi na kitu unachokijua. Halafu walisoma karatasi yote kabla ya kugusa chochote. Hayo ndiyo yote. Hakuna uchawi, na mnaweza kuyafanya hata ninyi.

Sasa Mumbua.

Alitoka Ndithini, mtoto wa wakulima, wa tano kati ya saba. Msichana mrefu, mkimya, mwenye mazoea ya kusimama pembeni. Darasani hakuwa wa mbele wala wa nyuma. Kwenye karatasi ya kuandika alikuwa sawa. Maabara ndiyo iliyomshinda. Kwenye mtihani wa majaribio, miezi michache kabla ya ule wa kweli, chupa ilimteleza ikavunjika, akajaribu kuokota vipande kwa mikono, akajikata, akaanza kulia, na hakuweza kuendelea. Aliandika nusu ukurasa. Nilipokuwa nafagia vile vioo alikuwa bado amekaa, amefunika uso, anasema kwa Kikamba kwamba angerudi nyumbani akalime.

Madam Ndunge hakumpa maneno matamu. Alimngoja anyamaze, kisha akavuta kiti.

"Chupa ilipovunjika, ulifikiria nini?"

"Sijui, Madam. Nilifikiria nimeanguka."

"Chupa ndiyo ilianguka. Wewe ulikuwa umesimama."

Mumbua alicheka kidogo, kwa machozi yake.

"Sikiliza," Madam akaendelea. "Hofu ikikuja, weka chini chenye umeshika. Weka mikono yote miwili kwa meza, hivi, viganja chini. Halafu ujiulize maswali mawili. Ninajua nini? Sijui nini? Usiulize kitu kingine. Usiulize mama atasema nini, usiulize jirani amefika wapi. Hayo mawili tu."

Wakafanya zoezi hilo Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilikuwa nikiosha vioo upande wa pili na kumwona msichana yule akiweka viganja mezani, kimya, midomo ikitembea. Wenzake walimtania kwamba anaombea meza. Yeye aliendelea.

Mwaka ule mvua ilikuwa imetukimbia. Matangi ya paa yalikauka mapema, na shule ikawa inategemea kisima kilichochimbwa na mashine chini karibu na uwanja. Maji ya kisima kile yalikuwa na chumvi hata chai ilikuwa na ladha ya machozi. Ya kunywa tuliyavumilia. Kwa maabara yalikuwa sumu. Kuna dawa inayoitwa ledi nitreti ambayo ukiidondosha kwenye kitu chenye chumvi ya aina ile, kinakuwa cheupe kama maziwa. Ukitumia maji ya kisima kuyeyusha unga wa mtihani, dawa itakuonyesha chumvi iliyo kwenye maji, na wewe utaandika kwamba imo kwenye unga. Ndiyo maana tunatumia maji ya mvuke. Nilikuwa na mtambo mdogo wa kuchemsha maji na kukusanya mvuke wake, tone kwa tone, na kwa siku kadhaa nilikaa nao kama mtu anayekamua mbuzi mgumu, mpaka mtungi mmoja wa bluu ukajaa.

Mtungi wa pili wa bluu, sawasawa na ule wa kwanza, ulikuwa na maji ya kisima ya kuoshea vioo.

Mnaona tunakoelekea. Kuweka alama kwenye vyombo ndilo somo la kwanza la kazi yangu. Niliwafundisha wasichana hilo. Lakini nilikuwa na miaka mingi kazini, nikajiambia najua mitungi yangu: huu wa kulia, huu wa kushoto. Asubuhi ya mtihani mtungi wa gesi ulianza kuvuja kwenye mpira, nikausogeza, nikasogeza na ile mitungi miwili ya bluu ili nipate nafasi ya kupiga magoti, nikafunga mpira vizuri, nikajipongeza. Kisha nikajaza zile chupa za plastiki za kubinya, moja kwa kila meza. Nilijaza kutoka mtungi wa kulia. Kulia hakukuwa tena kulia.

Msimamizi wa mtihani alikuwa Bwana Mulwa, mwalimu wa historia kutoka shule nyingine, mtu mzima mwenye miwani na sauti ya kanisani. Madam Ndunge, kwa kuwa ndiye mwalimu wa somo, hakuruhusiwa kuwa karibu. Alikaa chumba cha walimu upande wa pili wa uwanja. Wasichana walikuwa arobaini na maabara ilibeba ishirini, kwa hiyo kundi la kwanza liliingia na la pili likafungiwa darasani kungoja zamu. Mumbua alikuwa kundi la kwanza, meza ya dirishani.

Waliosha mikono kwenye maji ya uvuguvugu, wakaingia, wakaandika majina. Mimi nikasimama kwenye mlango wa stoo nikiwa nimejaa fahari, kama mwenye arusi.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Vioo vilimetameta, mabomba hayakuvuja. Kisha wakafika kwenye unga. Hatua moja ilisema wauchome kwenye testitubu, yaani kile kichupa chembamba cha kioo. Niliona moshi wa kahawia ukitoka meza moja baada ya nyingine. Moshi ule ni kama sahihi ya mtu: ukiuona unajua ni unga wa aina gani, na unajua kwamba ledi nitreti haitakiwi kuugeuza rangi. Nami nilijua, kwa maana ndiye niliyeupima.

Halafu wakayeyusha unga, wakadondosha ledi nitreti.

Vichupa vyeupe. Meza ya mbele, cheupe. Meza ya kati, cheupe. Nilidhani macho yangu yana matatizo. Msichana mmoja alifuta jibu lake la moshi na kuandika lingine. Mwingine alirudia jaribio, akapata cheupe tena, akaanza kupumua kwa nguvu. Mmoja nyuma alikuwa ameshaanza kufuta machozi kwa mkono wa sweta. Mimi nilikuwa nimeganda. Bado sikuwa nimeelewa kilichotokea. Nilichojua ni kwamba kitu kimeharibika na ni changu.

Nikamtazama Mumbua. Alikuwa ameinua testitubu yake kwenye mwanga wa dirisha. Akaitazama, akatazama alichoandika kuhusu moshi, akaitazama tena. Nikaona mkono unaanza kutetemeka, kioo kinagonga kioo. Nikasema moyoni: basi, huyu amerudi kulekule kwa chupa iliyovunjika.

Akaiweka testitubu kwenye kishikio chake. Akaweka viganja mezani.

Sijui alikaa hivyo muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu kama ibada ya Ijumaa Kuu. Wenzake wanafuta, wanarudia, wanatazamana kwa pembe za macho, na yeye amekaa, midomo inatembea kidogo. Ninajua nini? Sijui nini?

Kisha akachukua testitubu safi. Hakutia unga. Akabinya chupa, akatia maji matupu, akadondosha dawa matone matatu.

Ikawa nyeupe.

Nilirudi stoo, nikafungua mtungi niliotumia, nikachovya kidole, nikakiweka kwenye ulimi. Chumvi. Wasichana ishirini, miaka minne ya kila mmoja, na mimi nimewapa maji ya kuoshea vyombo.

Niliporudi mlangoni Mumbua alikuwa ameinua mkono. Bwana Mulwa alimwendea.

"Mwalimu, naomba kusema kitu."

"Sema polepole. Wengine wanafanya mtihani."

"Hii maji iko na shida. Nimeijaribu peke yake bila ile unga, na imegeuka nyeupe."

"Fanya na ulichopewa," Bwana Mulwa akasema, bila ukali. "Andika unachoona. Mimi siwezi kukusaidia na jibu."

Niliwahi kuona wasichana wakikaa chini kwa neno dogo kuliko hilo. Mumbua hakukaa. Wala hakupaza sauti.

"Siulizi jibu, mwalimu. Nitaandika nilichoona. Lakini naomba uangalie." Akamwonyesha testitubu mbili, yenye unga na isiyo na unga, zote nyeupe. Kisha akaelekeza kidole mezani, mahali ambapo tone la maji lilikuwa limeanguka na kukauka kwa jua la dirisha, likaacha duara jeupe. "Kwetu Ndithini maji ya kisima ikikauka inaacha alama hivi. Hii si maji ya labu."

Bwana Mulwa alikuwa mtu wa historia. Kuhusu ledi nitreti hakujua lolote, na alijua kwamba hajui. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama lile duara. Ndipo akageuka upande wangu.

"Bwana Mutua. Haya maji yametoka wapi?"

Wanangu, nitawaambia ukweli kwa sababu sasa sina kazi ya kupoteza. Jibu la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa, "Ni yale yale ya kawaida." Lilikuwa limefika kwenye meno. Nilimtazama Mumbua na sikuona lawama usoni mwake. Alikuwa anangoja tu kujua.

"Ni ya kisima," nikasema. "Nimechanganya mitungi. Kosa ni langu. Yale mazuri yako ndani, na unga wa akiba upo."

Bwana Mulwa alitazama saa yake ya mkono. Kisha akasimama mbele ya maabara na ile sauti yake ya kanisani.

"Wasichana, wekeni kalamu chini. Wekeni vioo chini. Hakuna kati yenu aliyekosea. Maji yatabadilishwa, mtapewa unga mwingine, mtarudia sehemu hii. Naangalia saa, na dakika mtakazopoteza nitazirudisha. Msizungumze."

Wengine huwa wanafikiri habari njema inatuliza. Haitulizi mara moja. Vyumba vya mtihani vinapenda mwendo wake, na ukiukata watu wanapepesuka. Niliingia na ndoo kukusanya chupa, na niliona wasichana wakianza kutazama mlango, kutazama saa. Yule wa nyuma alikuwa analia waziwazi bila sauti.

Mumbua alikuwa ameweka tena viganja mezani.

Jirani yake alimwona. Akaweka vyake. Wa nyuma yake akaweka. Hakuna aliyesema neno, maana hawakuruhusiwa, lakini nilipotoka na mtungi wa maji ya mvuke nilikuta mstari mzima wa dirishani umeweka viganja chini, kisha wa kati, kisha wa ukutani, na yule aliyekuwa analia naye ameweka vyake, machozi yanadondoka katikati ya mikono. Nilijaza chupa ishirini kati ya mikono arobaini iliyotulia. Nimeona vitu vingi katika ile maabara, moto, mafuriko, hata nyoka aliyelala kwenye kabati la asidi. Sijawahi kuona kitu cha kunishinda kama kile. Ilibidi nikaze macho ili nisimwage.

"Anzeni," akasema Bwana Mulwa.

Wakaanza. Unga ukayeyuka, dawa ikadondoka, na maji yakabaki safi kama kioo cha dirisha. Nilisikia pumzi ikitoka chumba kizima.

Bwana Mulwa aliandika kila kitu kwenye ripoti yake, pamoja na dakika alizoongeza, na mimi nikatia sahihi chini ya maneno yanayosema kosa ni langu. Kundi la pili lilipata maji ya mvuke tangu mwanzo, na halikujua lolote mpaka jioni.

Nilipovuka uwanja kwenda kumwambia Madam Ndunge, alikuwa mbele ya kikombe cha chai kilichoota ngozi. Alikuwa ameniona dirishani nikikimbia na mtungi na hakuwa na ruhusa ya kuja kuuliza. Nilimwambia yote bila kupunguza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulisema ukweli ukiulizwa, ama kabla ya kuulizwa?"

"Nikiulizwa, Madam."

"Na ulikuwa umejua kabla?"

"Nilikuwa nimeonja."

"Basi siku nyingine usingoje kuulizwa. Huyo mtoto alikuwa peke yake hapo mbele ya msimamizi, na wewe ulikuwa unajua."

Kwa muda mrefu nilitamani angenifokea. Kesho yake nilipaka mtungi mmoja rangi nyekundu, na mpaka nilipostaafu hakuna chombo changu kilichokaa bila maandishi, hata sukari ya chai yangu.

Matokeo yalipotoka, Mumbua alikuwa amepata B yenye alama ya kujumlisha katika kemia, somo ambalo lilikuwa likimpeleka kulima. Hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa yule aliyekaa jirani yake. Wale ishirini wote walipita vizuri, na ninajua, ingawa hakuna cheti kinachoandika hivyo, kwamba wengi wao walikuwa wamebebwa na akili ya mmoja aliyekataa kuiamini testitubu kabla ya kuijaribu.

Lakini matokeo mtayasoma kwenye magazeti. Mimi napenda kuikumbuka saa saba ya siku ile, kundi la pili lilipokuwa nalo limemaliza. Nilimfuata Mumbua pale kwenye ngazi za jikoni. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya kuomba msamaha na ikanipotea yote.

"Mumbua, nisamehe. Ningewaangusha wote."

"Ni sawa, Mzee. Uliibadilisha."

"Ulitulia namna gani? Mimi mtu mzima niliganda."

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha ajabu.

"Sikuwa nimetulia. Niliogopa mpaka masikio yalikuwa yanalia. Ulikuwa unaona mikono yangu?"

"Niliona imelala mezani."

"Niliiweka hapo ndiyo isionekane ikitetemeka. Madam hakuniambia hofu itaisha. Aliniambia tu chenye nitafanya ikikuja. Ilikuja, nikafanya." Akainua mabega. Kisha akachungulia ndani ya jikoni. "Mzee, kuna muthokoi imebaki? Nina karatasi ya jiografia saa nane."

Nilimwombea mwenyewe kwa mpishi, sahani imejaa, mahindi na maharagwe yanamwagika pembeni. Akaila yote. Akaomba nyingine, akaila nusu. Wenzake walikuwa wametawanyika uwanjani na madaftari ya jiografia, wanaulizana majina ya mito kwa sauti za haraka. Yeye alijilaza kwenye benchi la ukuta wa jikoni, sweta chini ya kichwa, na kabla sijaosha ile sahani alikuwa amelala kabisa, mdomo wazi kidogo.

Nikasimama pale na koti langu lenye matundu. Kila aliyepita akipiga kelele niliweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Mpishi alitaka kusogeza masufuria, nikamwambia angoje. Kengele ya kwanza ilipolia Mumbua aliamka, akanawa uso bombani, akatikisa maji mikononi, akaniambia, "Ni muvea, Mzee," yaani asante, na akaenda zake kwenye mtihani, hatembei haraka wala polepole.